Uongozi wakati wa njaa katika fasihi ya Wagogo

Uongozi wakati wa njaa ni jambo linalojitokeza mara kwa mara katika masimulizi na maandishi ya Wagogo, kabila la Mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania. Ugogo ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na pengine mvua hukatika kabla mtama na uwele havijakomaa. Ndiyo maana kiongozi alipimwa kwa mvua kuliko kwa vita.

Mtemi na mvua

Zamani kila eneo lilikuwa na mtemi wake, aliyerithi kigoda na mawe ya mvua ya ukoo. Masimulizi ya koo hueleza jinsi vitu hivyo vilivyopatikana, kwa kuwa ndivyo vilivyohalalisha cheo chake. Mvua ikikosekana, mtemi alipeleka wajumbe kwa waganga wa mbali, na lawama zilimrudia yeye. Nguvu ya kuwalazimisha watu alikuwa nayo kidogo sana. Aliyechoka naye aliweza kuswaga ng'ombe wake akahamia kwa mtemi mwingine.

Wanawake nao walikuwa na zamu yao. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza ibada iliyofanywa mifugo inapopatwa na maradhi: wanawake huvaa kama wanaume, hushika silaha, huchunga ng'ombe, kisha kwa nyimbo na ngoma huufukuza uchafu wa maradhi hadi mpakani upande wa magharibi. Wanaume hukaa kando. Si kichekesho, ingawa mgeni angeweza kudhani hivyo. Ni jamii inayokabidhi uongozi kwa wengine pale njia za kawaida zinapogonga mwamba.

Mtunya

Jaribu kubwa kuliko yote lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani, na baadaye Waingereza walioiteka Dodoma Julai 1916, walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Ukame ulipoingia mwaka 1918, akiba ilikuwa imekwisha. Kwa mujibu wa mwanahistoria Gregory Maddox, watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa.

Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Jina hilo halimsifu kiongozi yeyote. Mawe ya mvua hayangeweza kurudisha nafaka iliyoliwa na majeshi, na kumbukumbu ya watu haikulificha hilo.

Mathias Mnyampala

Mathias Mnyampala (1917–1969) alizaliwa Dodoma mkesha wa njaa hiyo. Kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika kilitolewa mwaka 1954, na kwacho masimulizi ya koo na watemi yaliingia katika Kiswahili cha vitabu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alieneza ngonjera, mashairi ya majibizano jukwaani. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa 1970 na 1971, yeye akiwa amefariki. Humo asiyejua huuliza na kupinga, mjuzi hujibu, mpaka wakubaliane. Mwanafunzi makini ataona kwamba mjuzi hushinda karibu kila mara, bahati ambayo mtemi wa zamani hakuwa nayo. Miaka hiyohiyo serikali ilianza kuwakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na njia ya kumhama kiongozi ikawa finyu.