Pindo na Mji: Istilah za Picha Pana ya Ukurasa wa Wavuti

Katika makala haya mafupi nakusudia kueleza namna ipasavyo kutengenezwa picha pana ya kuwekwa nyuma ya maandishi ya ukurasa wa wavuti, na maneno yafaayo kuziita sehemu zake. Maneno yatumikayo sasa ni usuli, mandhari na mandharinyuma. La kwanza lina maana ya asili ya jambo. La pili, sura ya mahali ionekanavyo. La tatu limeungwa kwa kufuata lugha ya kigeni. Hakuna hata moja limwonyeshalo mchoraji afanye nini.

Tutwae mfano. Mtu amesimama Mikese, kando ya reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, akapiga picha ya safu ya Uluguru, yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Katika kompyuta huonekana nzima. Walakini simu iliyoshikwa wima, ambayo kioo chake ni 9 kwa 16, ikijazwa picha hiyo, huonyesha takriban theluthi moja tu ya upana wake. Pande zote mbili hukatwa. Kilele kilichowekwa ukingoni hupotea.

Jambo hili mshona kanga angelielewa mara moja. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yake, ambayo aghalabu huachiwa nafasi tupu ili yasomeke. Kadhalika picha yetu: pindo ni sehemu iwezayo kukatwa bila hasara, mji ni sehemu isiyokatwa kamwe, na jina huandikwa penye utulivu, kama vile anga iliyo juu ya milima, si juu ya majani na mawe. Mwongozo wa kimataifa wa wavuti wa mwaka 2008 wataka mng'ao wa herufi za kawaida na wa nyuma yake utofautiane kwa kadiri ya 4.5 kwa 1, angalau.

Tena picha ipunguzwe uzito, kwani msomaji wa kijijini huilipia kwa bando lake.

Yawezekana mtu akasema kwamba mji ni mahali pakaapo watu. Ni kweli, lakini mvaaji wa kanga hakupata kuchanganyikiwa kwa hilo. Basi naona yafaa tuyajaribu maneno haya, kwa kuwa hutaja kitu na kufundisha kazi yake pia.