Jiko la peleti Kigobe: hesabu za kufanya kabla ya kuagiza

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayefikiria kuagiza majiko ya kuchomea nyama yanayotumia peleti za mbao anapaswa kuanza na hesabu za peleti, umeme na vipuri kabla ya kuuliza bei ya jiko lenyewe. Jiko hulipiwa mara moja, lakini mambo hayo matatu hulipiwa kila mwezi. Likikosekana moja kati yao, mtaji wa mamia ya dola hugeuka kuwa kabati la chuma barazani.

Soko la kifaa cha aina hii, kama lipo, litapatikana katika mitaa kama Kigobe, kaskazini mwa jiji, ambako Bunge la Burundi hufanyia vikao vyake. Huko kuna nyumba zenye nafasi na baraza, wapangaji wenye kipato, na mikahawa inayouza nyama ya mbuzi, kuku na samaki wa Ziwa Tanganyika.

Jiko linavyofanya kazi

Peleti ni vijiti vifupi vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, vyenye unene wa milimita 6 hivi. Hutiwa katika sanduku lililo ubavuni mwa jiko. Skrubu ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, kiwashio cha umeme huziwasha, na feni hupuliza hewa. Kidhibiti joto hupima joto lililomo ndani na kuamua skrubu izunguke kwa kasi gani. Mpishi huchagua nyuzijoto anazotaka, mfano 110 au 200, kisha hufunga kifuniko.

Teknolojia hii ilianzia jimbo la Oregon, Marekani. Joe Traeger alipata hataza yake mwaka 1986, na ilipokwisha muda wake mwaka 2006 makampuni mengine yaliingia sokoni. Ndiyo maana leo mnunuzi hukuta chapa nyingi zenye bei na ubora tofauti.

Sifa kubwa ya jiko hili ni joto lisiloyumba, linalofaa kuku mzima, mbavu, samaki mkubwa au nyama ya kufukizwa moshi kwa saa nyingi. Lakini mengi kati yake huishia nyuzijoto 230 hadi 260 za Selsiasi. Mkaa mwekundu una joto kali zaidi. Kwa hiyo anayeuza mishikaki, au brosheti kama wanavyoita wenyeji, na mwenye wateja wanaosubiri sahani baada ya dakika chache, hana sababu ya kuliacha jiko lake la mkaa.

Umeme ndio mtihani wa kwanza

Tofauti na jiko la mkaa, hili halifanyi kazi bila umeme. Wakati wa kuwasha hutumia wati 300 hivi kwa dakika chache kwa sababu ya kiwashio, kisha hushuka hadi wati 50 au karibu na hapo.

Kosa la gharama kubwa ni kununua jiko lililotengenezwa kwa soko la Marekani. Hilo hutumia volti 120 na hezi 60, wakati umeme wa Burundi ni wa volti 220 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi. Katika majiko yenye mota za kawaida za AC, skrubu itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita, na kiasi cha peleti kinachoingia kitapungua vivyo hivyo. Njia salama ni kuagiza toleo la Ulaya la volti 230 na kumtaka muuzaji atume picha ya kibandiko cha umeme kilicho nyuma ya jiko kabla ya malipo.

Jambo la pili ni kukatika kwa umeme, ambako wakazi wa Bujumbura wamekuzoea. Umeme ukikatika nyama ikiwa jikoni, feni na skrubu husimama huku peleti zikiendelea kufuka. Moto unaweza kurudi nyuma kupitia skrubu kuelekea kwenye sanduku. Jenereta ni jibu dhaifu, kwani uhaba wa mafuta umejirudia mara kwa mara nchini humo tangu mwaka 2021. Betri na inveta ni bora zaidi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, hutoa takriban wati-saa 600, ambazo zinatosha kuwasha jiko na kulihudumia kwa saa nane au zaidi.

Peleti: biashara iko hapa

Jiko la ukubwa wa kawaida hula kati ya nusu kilo na kilo moja ya peleti kwa saa kwenye joto la chini, na kilo moja na nusu au zaidi kwenye joto la juu. Mfuko wa kawaida wa Marekani ni ratili 20, yaani kilo 9. Mkahawa unaopika saa nane kwa siku kwa kilo moja kila saa, siku 26 kwa mwezi, utahitaji kilo 208, ambazo ni mifuko 23 au 24. Muuzaji wa majiko kumi kwa mikahawa anapaswa kuwa na tani mbili za peleti kila mwezi, la sivyo wateja watamrudishia majiko.

Eneo hili lina somo lake. Kampuni ya Inyenyeri, iliyokuwa Gisenyi nchini Rwanda, iliwapa wateja majiko ya kupikia na kutegemea mauzo ya peleti kujiendesha. Ilisimamisha shughuli mwaka 2020. Majiko yake yalikuwa ya kupikia chakula cha kila siku, si ya kuchomea nyama, lakini yalipokosa peleti hayakuwa na kazi.

Si kila peleti inafaa chakula. Zile za kupashia nyumba joto zinaweza kuwa za msonobari wenye utomvu, au za mabaki ya mbao zenye gundi na rangi. Za kuchomea nyama ziwe za miti migumu, bila gundi wala rangi. Nzuri hung'aa na hukatika kwa mlio. Mbovu hupukutika mkononi na mfuko hujaa vumbi.

Forodha na njia

Burundi iliingia katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki mwaka 2009, hivyo jiko kutoka nje ya Jumuiya hutozwa Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Majiko ya chuma ya kupikia na kuchomea nyama yako chini ya kichwa 7321. Bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 lipo pia kundi la asilimia 35. Wakala wa forodha athibitishe kiwango kinachohusika na Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, kabla mzigo haujapakiwa.

Tuchukue mfano wa jiko ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandarini ni dola 1,000. Kwa ushuru wa asilimia 25 litalipiwa dola 250. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya 1,250, yaani dola 225. Jumla ni dola 1,475 kabla ya ada nyingine, malipo ya wakala na nauli ya lori. Kwa ushuru wa asilimia 35 jumla inakuwa dola 1,593. Peleti ni bidhaa tofauti yenye kichwa chake, 4401, hivyo ziandikwe kwenye mstari wake katika ankara.

Njia ya kawaida ni bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Kabanga na Kobero. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, hatua iliyoongeza umuhimu wa njia ya Tanzania. Peleti zinazozalishwa ndani ya Jumuiya zikiwa na cheti cha uasili hazitozwi ushuru wa forodha, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 upo utaratibu wa cheti kilichorahisishwa kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha.

Msafirishaji akumbuke kuwa adui wa peleti ni maji. Mfuko uliotoboka ukilowa, peleti huvimba na kurudi kuwa vumbi, na hakuna namna ya kuziokoa. Zipangwe juu ya mbao, chini ya turubai zima, mbali na dizeli, mbolea na sabuni kwa sababu hunyonya harufu.

Siku ya kwanza

Kasha lifunguliwe mbele ya msafirishaji kabla ya kutia saini. Baada ya kuunganishwa, jiko liwekwe nje, mbali na ukuta na mapazia, kamwe si ndani ya nyumba, kwani hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kwanza lijaribiwe likiwa tupu ili kuona kama feni inapuliza, skrubu inazunguka na kiwashio kinapata moto. Kisha peleti zitiwe, na skrubu iachwe izunguke hadi zianze kudondoka kwenye kikombe.

Kabla ya kupika chochote, jiko liwake kwa joto la juu kwa dakika 45 hivi ili mafuta ya kiwandani yaungue. Kuhusu kifuniko kufungwa au kuachwa wazi wakati wa kuwasha, kifuatwe kitabu cha maelekezo, kwani chapa hutofautiana. Kuku ni chakula kizuri cha kujifunzia.

Wakati wa kuzima, plagi isichomolewe. Kitufe cha kuzima huiacha feni iendelee hadi peleti zilizobaki ziishe. Umeme ukikatika ghafla, jiko lisiwashwe tena kabla halijapoa na kikombe kusafishwa, kwa sababu peleti zilizojazana zinaweza kuwaka kwa kishindo. Majivu yaondolewe kila baada ya mifuko miwili hivi, na mafuta ya nyama yafutwe kabla hayajawa chanzo cha moto. Katika majira ya mvua, peleti zisiachwe sandukuni kwa siku nyingi. Zihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Anayeagiza kwa ajili ya kuuza aongeze kwenye oda yake viwashio, feni na mota za skrubu za akiba, kwani ndivyo vipuri vinavyoharibika kwanza na havipatikani katika maduka ya Bujumbura kama zilivyo plagi na waya. Ni busara kuanza na majiko mawili na peleti za miezi mitatu, kuliko majiko kumi na peleti za wiki mbili.