Katuni za Kijapani: Usimwachie mtoto rimoti!

JUMAPILI moja nilikwenda kumsalimia shangazi yangu. Nikamkuta mwanawe wa miaka saba kajikunyata kwenye kochi, macho kodo kwenye runinga, kidole mdomoni. Shangazi alikuwa uani anakuna nazi. "Mwache bwana, anaangalia katuni," akanipigia kelele. Nikatupa jicho. Mama yangu! Damu ilikuwa inaruka kama bomba la maji lililopasuka barabarani, na mtu mzima kakatika vipande viwili. Nilichomoa waya ukutani hata shikamoo sijaitoa.

Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu wiki hii. Hapa kwetu neno katuni lina maana moja tu, kitu cha watoto. Mzazi akishasikia katuni anamkabidhi mtoto rimoti na kwenda zake jikoni. Kwa Wajapani mambo siyo hivyo kabisa. Wenzetu wana katuni za watoto wadogo, za wanafunzi, za kina mama, na za watu wazima wenye mvi zao. Nyingi kati ya hizo za wakubwa huonyeshwa usiku wa manane, watoto wameshalala fofofo. Wanaziita anime.

Kwa taarifa yako msomaji, wenzetu hao wameugawa mwaka wa televisheni mafungu manne. Katuni mpya huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kila fungu likiwa na sehemu kama 12 au 13 za kila wiki. Ikipendwa au ikiwa ndefu inabeba mafungu mawili. Leo nimechukua fungu lililoanza Oktoba 2023. Kwao ni majira ya majani kupukutika, kwetu ni mvua za vuli.

Utasema, mwandishi vipi, mbona umelala, hizo si habari za jana? Sikulala. Katuni za mfululizo ni kama uchumba. Zinaanza kwa mbwembwe na maua, nyingine zinaishia baraza la usuluhishi. Nimengoja zifike mwisho ndiyo nikae nizipime. Haya, twende kazi.

JUJUTSU KAISEN: Moto, lakini funga mlango

Hii ndiyo iliyokuwa inamtoa macho mtoto wa shangazi. Ni awamu ya pili, ilianza Julai 2023 na kufungwa Desemba 28 mwaka huohuo, kwa hiyo nusu yake iliangukia kwenye fungu letu. Kisa ni cha wanafunzi wanaopigana na mashetani yanayozaliwa na chuki na hofu za binadamu. Sehemu kubwa ya awamu hii inapita usiku mmoja tu, Oktoba 31, 2018, katika mtaa wa Shibuya jijini Tokyo, na usiku huo watu wanakufa kama kumbikumbi.

Kwa upande wa kupigana, hakuna ubishi, hii ni kiboko. Ngumi inapigwa wewe unainama kwenye kiti. Lakini kuna jambo linanikera. Mwezi Novemba 2023, katuni ikiwa bado inarushwa, baadhi ya wachoraji wake walijitokeza hadharani mtandaoni kulalamika kwamba muda waliopewa hautoshi na kazi inawaua. Watazamaji duniani kote wanapiga makofi, mchoraji hajalala. Tangu nijue hilo, kila nikiona pigano limechorwa kwa ufundi, najiuliza ni nani alikesha kwa ajili yangu. Alama zangu: 7 kati ya 10, na kwa watoto ni sifuri.

SPY x FAMILY: Kicheko cha familia

Hapa sasa shangazi anaweza kupumua kidogo. Baba ni jasusi, mama ni muuaji wa kukodiwa, na binti wa kulea, Anya, anasoma mawazo ya watu. Baba hajui siri ya mama, mama hajui siri ya baba, mtoto anawajua wote na ananyamaza kimya kwa sababu anataka familia isivunjike. Ukiwaza sana, hiyo siyo kichekesho, ni nyumba nyingi tunazozijua.

Awamu yake ya pili ilianza Oktoba 7, 2023 ikiwa na sehemu 12. Utamu umelala katikati, pale mama anapopanda meli kumlinda mwanamke mmoja na mtoto wake mchanga dhidi ya majambazi, huku mume na mwanawe wakiwa abiria kwenye meli hiyohiyo. Kuna visu na watu wanakufa, kwa hiyo mtoto wa chekechea hapana. Wa darasa la sita na kuendelea, kaa naye mcheke pamoja. Kasoro yake ni kwamba sehemu za mwanzo zinazungukazunguka kama daladala inayotafuta abiria. Alama: 7.

KUSURIYA NO HITORIGOTO: Dada zangu, hii ni yenu

Jina hilo refu maana yake ni maneno ambayo mtengeneza dawa anajisemea mwenyewe. Ilitokana na hadithi za mwandishi Natsu Hyuga, ikaanza kuonyeshwa Oktoba 2023 na kumaliza sehemu zake 24 Machi 2024. Binti Maomao, aliyelelewa na mganga kwenye mtaa wa makahaba, anatekwa na kuuzwa kuwa mtumishi katika jumba la wake wa mfalme, nchi ya kubuni inayofanana na China ya zamani. Humo ndani watoto wa mfalme wanakufa mmoja baada ya mwingine. Watu wanasema ni laana. Maomao anatazama mara moja tu na kujua. Siyo laana, ni poda. Akina mama wale wanajipaka poda nyeupe yenye madini ya risasi ili wang'ae, na sumu inawaingia wao na watoto wao wachanga.

Mke mmoja anasikia onyo, anaacha, na mwanawe anapona. Wa pili hasikii. Mtoto anakufa, na mama mwenyewe anabaki mifupa mitupu kitandani. Maomao anapopelekwa kumuuguza anagundua kwamba mjakazi bado anampaka ileile poda kwa kificho, eti kwa sababu bibi yake akipakwa anapendeza! Hapo binti anapandisha hasira ambazo sijaziona kwenye katuni yoyote.

Poda ya risasi siyo uzushi wa watunzi. Ilitumika kweli Japani na Ulaya kwa mamia ya miaka. Sasa wewe dada unayesoma hapa ukiwa saluni, usijifanye hujanielewa. Mkorogo una tofauti gani? Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku hapa nchini, zebaki inaharibu figo, na bado vinauzwa chini ya meza. Na muuzaji naye anasema vilevile, "Lakini si unapendeza?" Kumbe Maomao mwenyewe anajichora madoadoa usoni makusudi ili aonekane wa kawaida wanaume wasimsumbue. Mambo ya dunia! Alama: 9.

PLUTO: Ya wakubwa, tena wenye moyo

Hii haikupitia televisheni. Netflix waliitoa yote kwa mkupuo Oktoba 26, 2023, sehemu nane, kila moja karibu saa nzima. Chimbuko lake ni la zamani. Katika miaka ya 1960 bingwa Osamu Tezuka alichora kisa kimoja ndani ya katuni yake ya Astro Boy, kuhusu roboti wenye nguvu kuliko wote duniani. Mwaka 2003 mchoraji Naoki Urasawa akakichukua na kukiandika upya kama hadithi ya upelelezi. Roboti saba wakubwa wanauawa mmoja mmoja, na anayepeleleza ni roboti mwenzao aitwaye Gesicht, ambaye kila usiku anaota jinamizi asilolielewa.

Nyuma ya kisa kuna vita. Nchi moja ilivamiwa kwa madai kwamba inaficha silaha za maangamizi, na wakaguzi walipokwenda hawakuzikuta. Ukikumbuka Iraki ya 2003 utajua Urasawa alikuwa anamsema nani.

Sehemu ya kwanza peke yake inatosha. Roboti aliyetengenezwa kwa vita anafanya kazi ya utumishi kwa mwanamuziki kipofu huko Scotland. Mzee ni mkali kama pilipili, anamtukana usiku na mchana. Roboti anaomba jambo moja tu, afundishwe kupiga piano, kwa sababu hataki kurudi vitani. Sitakumalizia uhondo. Nitasema tu kwamba mimi, dume zima, nilijifanya nimeingiwa na vumbi. Alama: 9.

FRIEREN: Bingwa wa msimu

Septemba 29, 2023 televisheni ya Nippon iliionyesha Sousou no Frieren sehemu nne kwa usiku mmoja, kwenye saa zinazotengwa kwa filamu. Ilikwenda hadi Machi 22, 2024, sehemu 28. Imetengenezwa na studio ya Madhouse kutoka vitabu vya Kanehito Yamada na Tsukasa Abe.

Inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia. Mashujaa wanne wamemwua mfalme wa mashetani baada ya safari ya miaka kumi. Mmoja wao, Frieren, ni mchawi wa jamii inayoishi zaidi ya miaka elfu. Kwake miaka kumi ni kama wiki. Anawaaga wenzake, anawaahidi watatazama tena vimondo baada ya miaka 50, na anaondoka. Anaporudi, Himmel, kijana mtanashati aliyekuwa kiongozi wao, amekuwa kibabu mwenye kipara. Wanatazama vimondo. Muda si mrefu Himmel anafariki. Kaburini watu wanamshangaa Frieren kwamba halii. Ndipo anapogundua kuwa alikaa na mtu huyu miaka kumi na hakujisumbua kumjua. Machozi yanaanza hapo. Safari yote inayofuata, akiwa na binti yatima Fern na kijana mwoga Stark, ni ya kwenda kaskazini mahali panaposemekana roho hupumzika, akaongee naye tena.

Usidhani ni kilio mwanzo mwisho. Frieren mwenyewe ni mvivu wa kuamka, na kila akiona kasha anaingiza kichwa akitafuta kitabu cha uganga, kasha linageuka zimwi linamng'ata, miguu inabaki inapiga mateke nje. Mapigano yapo, machache lakini ya nguvu.

Mimi ilinipata pabaya. Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani. Kila mwaka nilikuwa namwambia, "Bibi, nakuja Pasaka." Pasaka ikifika nasema nakuja Idi, nauli imegoma. Nauli haikuwa imegoma, nilikuwa nazo za vijiweni. Alipofariki ndugu walikaa mkekani wakasimulia alivyokuwa akicheza ngoma ujanani, alivyowahi kumfukuza mwizi kwa mwiko. Nikasikiliza kama mgeni. Sikuwa nimemwuliza hata siku moja. Frieren ana miaka elfu ya kurekebisha kosa lake. Sisi tunayo mingapi? Alama: 9.5. Ile nusu nimeikata kwa sababu ya mitihani ya wachawi kule mwishoni, inavutwa mno.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujaenda jikoni, kaa dakika kumi uone mtoto anaangalia nini. Spy x Family angalieni pamoja. Jujutsu Kaisen na Pluto subiri walale. Ile ya Maomao mwite na dada wa kazi aione. Na Frieren, ukishaimaliza, usimtumie bibi yako salamu kwa mtu. Panda basi.

Shangazi naye nimemwomba radhi kwa kumchomolea waya. Amenisamehe, na ubwabwa nikala. Alamsiki, tukutane wiki ijayo.