Kilango Kikiachwa Wazi: Upigaji wa Picha za Mandhari kwa Mwanagenzi Mwenye Vifaa Vichache

Aghalabu tunapozungumzia upigaji wa picha, tunafikiria tendo la kufumba na kufumbua. Ipo hata hivyo aina nyingine ya picha, ambayo hupatikana kwa kukiacha kilango cha kamera wazi kwa sekunde kadhaa, dakika nzima au hata zaidi. Katika picha ya namna hii maji ya maporomoko hulainika mithili ya hariri, mawimbi hugeuka ukungu na mawingu huacha michirizi angani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha hizi zinavyopatikana, na kuonyesha kwamba mwanagenzi mwenye kamera ya kuazima na stendi dhaifu anaweza kuzipiga. Wengi wamekwisha kukata tamaa wakiamini kuwa kinachowapungukia ni vifaa. Kwa maoni yetu, kinachowapungukia ni hesabu ya mwanga na kuijua saa ya kutoka.

Ikumbukwe kuwa picha za mwanzo kabisa zilikuwa za namna hii, si kwa hiari bali kwa kulazimika. Joseph Nicéphore Niépce alipoielekeza kamera yake nje ya dirisha huko Saint-Loup-de-Varennes, Ufaransa, mnamo 1826 au 1827, bamba lake lilihitaji mwanga wa saa nane au zaidi, hata majengo yakaonekana yameangaziwa na jua pande zote mbili. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika nyingi, lakini pichani haina farasi wala gari. Lenzi ilikaa wazi kwa dakika kadhaa na vilivyokuwa vikisogea havikuacha alama. Aliyesalia ni mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja, yamkini akisafishiwa viatu. Kanuni ya fani yetu imo humo: kinachotulia huandikwa, kinachosogea hufifia au huacha mchirizi.

Sasa tuigeukie hesabu yenyewe. Mwanga unaoingia katika picha hutawaliwa na mambo matatu: muda ambao kilango ki wazi, upana wa tundu la lenzi, na wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambao huandikwa kwa herufi ISO. (Istilahi za fani hii bado hazijatulia, wapo wasemao shata. Tumechagua kilango kwa kuwa neno lenyewe linajieleza.) Adhuhuri jua likiwaka, ISO ikiwa 100 na tundu likiwa f/16, muda ufaao ni takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Tukilifinya tundu hadi f/22, muda huo huongezeka maradufu tu, ukawa sehemu moja ya hamsini. Maji yanayoporomoka huhitaji angalau nusu sekunde ili yalainike. Tumepungukiwa mara ishirini na tano, na hakuna kitufe cha kamera kitakachotuokoa.

Wenye uwezo hununua kichujio cheusi cha kufunika lenzi. Kile kinachopunguza mwanga mara 1,000 huigeuza sehemu moja ya hamsini kuwa sekunde 20. Asiye nacho ana kichujio kingine kisicho na bei, nacho ni machweo. Hapa pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviwezi kumwonya msomaji wa Kenya. Huko Uingereza, mwezi Juni, mwangaza unaobaki baada ya jua kuzama hudumu zaidi ya dakika 40 kabla giza halijaanza kutanda. Kwetu, karibu na Ikweta, jua hushuka karibu wima, na mwangaza huo hudumu dakika 20 na ushei tu, mwaka mzima. Anayefuata ushauri wa kufika jua linapozama na kutafuta mahali pa kusimama atakuwa angali anafungua stendi giza likiingia. Kwa hivyo inapasa kufika mapema, saa kumi na moja na nusu hivi, picha ipangwe na lenzi ilengwe wakati macho yangali yanaona. Baada ya hapo kazi ni kurefusha muda kadiri mwanga unavyopungua: nusu sekunde, sekunde mbili, nane, thelathini.

Pwani mambo hugeuka. Ufuo wetu hutazama mashariki, hivyo mwanga ulio juu ya bahari ni wa alfajiri, na mpigapicha hutoka kungali na giza. Wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa, na mwamba uliokuwa mkavu unaweza kuzingirwa upesi. Ratiba ya maji ni muhimu kuliko lenzi.

Msitu nao una machweo yake ya kudumu. Chini ya miti mikubwa, mathalani penye maporomoko ya Karura jijini Nairobi, kivuli hupunguza mwanga kiasi kwamba hata asubuhi ya mawingu f/16 huweza kumpa mtu nusu sekunde anayoitafuta. Kinyume chake, Maporomoko ya Thomson huko Nyahururu, yenye urefu wa mita 74, yako mahali pa wazi, na huko hakuna budi kungoja jioni au wingu zito.

Mtikisiko ndio adui wa pili. Stendi nyepesi hutulia ikining'inizwa mfuko wa mawe katikati yake. Asiye na stendi aweke kamera juu ya mfuko wa maharagwe au mchanga, juu ya jiwe. Kidole chenyewe hutikisa, kwa hiyo hutumiwa saa ya kamera, ile inayosubiri sekunde mbili kabla ya kilango kufunguka.

Wapo wanaotumia kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma badala ya kichujio. Kinafaa, ila hutia kila kitu rangi ya kijani, na picha husalimika ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Njia tunayoipendelea ni nyingine: kupiga picha nyingi fupi bila kuisogeza kamera, kisha kuzipandanisha katika programu ya GIMP, ambayo hutolewa bila malipo. Tabaka la chini huachwa lilivyo, la pili hupewa uzito wa asilimia 50, la tatu 33, la nne 25, na kuendelea hivyo. Matokeo yake ni wastani wa picha zote, nao hukaribia sana picha moja ya muda mrefu. Njia hii haidai chochote ila subira, na hata simu yaweza kuitumia.

Usiku ukishaingia, nyota zenyewe huwa mada. Huonekana zikienda nyuzi 15 kwa saa. Picha 120 za sekunde 30 kila moja, zikiunganishwa kwa kuchukua sehemu zing'aazo tu, huonyesha njia yao ya saa nzima. Picha za Ulaya huzionyesha zikizunguka nukta iliyo juu angani. Huko Nanyuki, Ikweta inakopita, nukta hiyo iko kwenye upeo wa macho upande wa kaskazini, na nyingine upande wa kusini. Anayeielekeza kamera yake Mlima Kenya kutoka huko ataona nyota zikichomoza nyuma ya vilele na kupanda kwa mistari iliyo karibu wima.