Malengo Yanayopimika Kabla ya Kimbunga Kijacho

Usiku wa Septemba 18, 2017, kimbunga Maria kilitua Dominica, kisiwa cha Bahari ya Karibi chenye eneo la kilomita za mraba 750 na wakazi wapatao 70,000. Upepo ulivuma kwa zaidi ya kilomita 260 kwa saa. Kulipopambazuka, takriban nyumba tisa kati ya kila kumi zilikuwa zimeharibika paa, na makumi ya watu walikuwa wamefariki au hawajulikani walipo. Uharibifu na hasara vilikadiriwa kufikia asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia. Miaka miwili tu kabla ya hapo, dhoruba Erika ilikuwa imekigharimu kisiwa hicho takriban asilimia 90 ya pato lake.

Nchi kubwa ikipigwa upande mmoja, upande wa pili husaidia. Kisiwa kidogo hupigwa chote kwa mkupuo: mashamba, bandari, hospitali, hata ofisi za wale wanaopaswa kuratibu uokoaji. Ndiyo maana kisiwa hakiwezi kungoja maafa ndipo kipange.

Siku chache baada ya Maria, Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa nia ya kuifanya Dominica taifa la kwanza duniani linalostahimili mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2018 sheria ilitungwa na wakala maalumu ukaundwa. Kisha ukaja mpango wa 2020 hadi 2030 wenye malengo 20. Mojawapo linataka asilimia 90 ya nyumba ziwe zimejengwa au kuimarishwa kwa viwango vya kuhimili vimbunga. Jingine linataka kila jamii iweze kujitegemea kwa siku 15 baada ya maafa.

Nyuma ya malengo hayo kuna fizikia. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa kasi ya kilomita 260 kwa saa, mgandamizo wa upepo unazidi uzito wa kilo 300 kwa kila mita ya mraba, ilhali bati la ukubwa huo lina kilo chache tu. Tena upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, hasa kwenye kingo, na ule unaoingia kupitia dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka ndani. Kinacholishikilia ni skrubu badala ya misumari laini, vipande vya chuma vinavyofunga kenchi kwenye ukuta, na umbo la paa lenye miteremko minne.

Siku 15 nazo zina sababu. Dominica ni milima ya volkano yenye miteremko mikali. Mvua kubwa inapojaza maji kwenye matundu ya udongo, chembe hupoteza mshikamano na kilima huporomoka. Barabara ikifungwa, kijiji hubaki peke yake, hivyo maji, chakula, dawa na redio ya mawasiliano lazima viwepo tayari.

Lengo la namna hii humwezesha mwananchi kuidai serikali hesabu: nyumba ngapi zimekaguliwa, vijiji vingapi vina akiba? Ahadi ya "kuimarisha utayari" haina jibu la swali hilo.

Bahari yetu ya Hindi nayo imeshatuonya. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Ngazidja huko Komoro. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania. Viongozi wa visiwa vyetu waweke malengo yenye kiasi, tarehe na mhusika, wayatangaze hadharani, na kila mwaka watueleze yamefikia wapi. Nasi wananchi tusiache kuuliza.