Uzuiaji wa kisukari aina ya kwanza kwa watoto

Uzuiaji wa kisukari aina ya kwanza kwa watoto ni jumla ya juhudi za kitabibu zinazolenga kuuzuia ugonjwa huo usianze, au kuuchelewesha, kwa watoto walio katika hatari ya kuupata. Hadi sasa hakuna njia iliyothibitishwa ya kuuzuia kabisa, ila ipo dawa iliyokubaliwa kwa ajili ya kuuchelewesha. Katika maeneo kama Mpanda na mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, dawa hiyo na vipimo vinavyoitangulia havimo katika huduma za kawaida. Huko kinachoweza kuzuiwa leo ni hatari inayofuata, yaani mtoto kugunduliwa akiwa amechelewa mno.

Jinsi ugonjwa unavyoanza

Ndani ya kongosho kuna seli ziitwazo seli beta. Hizo hutengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli za mwili. Katika kisukari aina ya kwanza, mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, huzishambulia seli hizo kana kwamba ni adui. Ugonjwa huu hautokani na kula sukari nyingi wala uzembe wa mzazi, ingawa maneno hayo husikika sana mitaani.

Uharibifu huchukua miezi au miaka kabla dalili hazijaonekana. Tangu mwaka 2015 wataalamu huugawa katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza damu huwa na aina mbili au zaidi za kingamwili zinazolenga seli beta, lakini sukari bado ni ya kawaida. Katika hatua ya pili sukari huanza kuyumba bila mtoto kuhisi lolote. Hatua ya tatu ndiyo kisukari chenyewe kama watu wanavyokijua. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 kuhusu watoto wa Finland, Ujerumani na Marekani ulionyesha kwamba takriban watoto 70 kati ya 100 wenye kingamwili za aina mbili au zaidi waliupata ugonjwa ndani ya miaka 10.

Anayehesabiwa kuwa katika hatari zaidi ni mtoto mwenye mzazi, kaka au dada mgonjwa. Katika nchi za Ulaya ndugu wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban asilimia 5, ilhali kwa watu wengine haufiki asilimia 1. Hata hivyo wagonjwa wengi hawana ndugu yeyote mwenye ugonjwa huo.

Majaribio ya kuzuia

Majaribio yaliyoshindwa ni mengi, na inafaa kuyakumbuka kila anapotokea mtu kutangaza dawa inayomaliza kisukari. Nchini Marekani ndugu wa wagonjwa walidungwa insulini kidogo kidogo kabla ya kuugua. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba haikusaidia. Vitamini ya nikotinamidi ilijaribiwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nayo ikashindwa mwaka 2004. Katika nchi 15, watoto wachanga zaidi ya 2,000 walifuatiliwa ili kuona kama maziwa ya kopo yaliyovunjwavunjwa protini zake yangewakinga. Jibu lilitoka mwaka 2018: hapana.

Mafanikio yalikuja kwa teplizumabu, dawa inayotuliza seli za kinga zinazoshambulia kongosho. Huingizwa kwa dripu kila siku kwa siku 14. Katika jaribio la watu 76 waliokuwa hatua ya pili, wengi wao watoto na vijana, lililochapishwa mwaka 2019, nusu ya waliopewa dawa walikuwa wamefikia hatua ya tatu baada ya miezi 48 hivi, wakati kwa wasiopewa ilikuwa miezi 24 hivi. Marekani iliikubali Novemba 2022 kwa wenye umri wa miaka 8 na kuendelea. Ni miaka miwili au mitatu ya kuishi bila sindano, jambo kubwa kwa mtoto wa miaka 8. Lakini bei iliyotangazwa huko ilikuwa karibu dola 194,000 kwa mgonjwa mmoja.

Kingamwili na watoto wa Afrika

Gharama si kikwazo pekee. Njia yote ya teplizumabu hutegemea kumpata mtoto mwenye kingamwili kabla hajaugua. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini waliokwisha kuambiwa wana kisukari aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 yao hawakuwa na kingamwili zilizopimwa, na wengi wa hao walionekana kuwa na kisukari cha namna nyingine kisichotokana na shambulio la kinga, japo nao walihitaji insulini. Kwa hiyo hata kama vipimo vya Ulaya vingeletwa kesho, huenda visingewaona watoto wengi wa Afrika walio njiani kuugua.

Hali ya Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya mkoa wa Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,152,958, na zaidi ya nusu ni watoto na vijana. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kati ya 1982 na 1991 ulikuta wagonjwa wapya takriban 1.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa umri usiozidi miaka 19. Kiwango hicho kikitumika kwa Katavi, ni watoto na vijana wanane hadi kumi kwa mwaka katika mkoa mzima. Ni makadirio tu, tena ya chini, kwa sababu mtoto anayekufa bila kupimwa sukari hahesabiwi popote.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mtoto hata mmoja wa aina hii, huku akiona malaria karibu kila siku. Mtoto mwenye kisukari hufika akiwa dhaifu, anatapika, tumbo linamuuma na anahema haraka. Huonekana kama malaria kali, homa ya matumbo au nimonia. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hakiondoi kisukari. Akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupimwa, sukari yake huzidi kupanda. Damu isiyo na insulini hujaa asidi, hali iitwayo ketoasidosisi, ambayo bila matibabu huua. Kutoka Karema kando ya Ziwa Tanganyika, au Mishamo, kufika Mpanda ni safari ndefu, na wakati wa masika huwa ndefu zaidi.

Dalili za mwanzo huonekana nyumbani kwanza: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda ingawa mtoto anakula. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Wazee husema pia kwamba sisimizi hukusanyika penye mkojo, na wanasema kweli, kwa kuwa mkojo huo una sukari. Mtoto mwenye dalili hizi hupimwa kwa tone la damu ya kidole siku hiyohiyo. Sukari ikifika milimoli 11.1 kwa lita, ni kisukari, naye anahitaji insulini bila kusubiri.

Mjini Parma, Italia, kuanzia mwaka 1991 mabango yaliyomwonyesha mtoto akikojoa kitandani yalibandikwa shuleni na kwa madaktari. Watoto waliogunduliwa wakiwa tayari na ketoasidosisi walipungua kutoka asilimia 78 hadi 12.5.

Nchini Tanzania, Chama cha Kisukari kimeshirikiana na serikali kuanzisha kliniki za watoto, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mpango wa kimataifa umekuwa ukiwapa watoto insulini bila malipo. Familia yenye mtoto anayetibiwa huwa na mashine ya kupimia sukari nyumbani. Mashine hiyohiyo hutosha kumpima mdogo wake anapoanza kuomba maji usiku.