Wekeni Sumaku Mfukoni

"Injinia, nimeweka sumaku, imenasa. Nimepigwa?"

Swali hili huja kwa simu, huja kwa ujumbe wenye picha, huja hata msibani. Anayeuliza huwa ameshatoa hukumu. Kwangu anataka muhuri tu ili arudi dukani kugombana. Safari hii limekuja kuhusu sinki la jikoni: sehemu ya chini, iliyo bapa, hainasi sumaku, lakini pembeni inanasa. Muulizaji alitaka kujua muuzaji aliunganishaje vyuma viwili bila alama ya kiungo kuonekana. Hakuunganisha chochote. Sinki lile ni bati moja, na nitaeleza kwa nini liko hivyo. Lakini kwanza nataka imani yenyewe ing'oke, maana inawagharimu watu fedha, tena kwa pande zote mbili: wanakataa mali nzuri na kununua mbovu kwa furaha.

Imani inasema kwamba stenlesi halisi hainasi sumaku, na inayonasa ni feki, itashika kutu. Hakuna sehemu ya kauli hiyo iliyo ya kweli.

Kinachozuia kutu ni kromiamu. Chuma kikiwa na kromiamu kuanzia asilimia 10.5 hivi, kromiamu hiyo hukutana na oksijeni na kutandaza juu ya chuma utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Jicho haliuoni. Ukikwaruzwa, hujitengeneza upya maadamu oksijeni ipo. Ulinzi wote wa stenlesi umo katika utando huo, na sumaku haiugusi. Sumaku hujibu swali jingine kabisa, nalo ni jinsi atomu za chuma zilivyojipanga ndani. Mpangilio unaoitwa feriti huvutwa na sumaku. Ule unaoitwa osteniti hauvutwi. Kupima ukinzani wa kutu kwa sumaku ni kama kupima sukari ya damu kwa mizani: kifaa ni kizima, jibu lake halihusu swali lako.

Chuma safi kikipashwa moto kupita nyuzi 912 za Selsiasi, atomu zake huhama na kujipanga kiosteniti. Kikipoa hurudi zilikotoka. Ukikichanganya na kromiamu na nikeli ya kutosha, haziwezi kurudi, na osteniti hubaki hata katika joto la chumbani. Hiyo ndiyo gredi 304 mnayoijua, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Na hapa kuna jambo ambalo lingepaswa kumaliza ubishi: nikeli tupu yenyewe inanasa sumaku. Haina uwezo wowote wa kuifukuza. Kazi yake ni kubadili mpangilio wa atomu, basi.

Historia nayo inaisuta imani hii. Chuma ambacho Harry Brearley alikiyeyusha Sheffield, Uingereza, Agosti 1913, kilikuwa na kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Nikeli haikuwa kiungo chake. Ndicho kilichofungua njia ya visu vya mezani visivyoshika kutu, na kinanasa sumaku. Karibu na wakati huohuo, Eduard Maurer na Benno Strauss wa kampuni ya Krupp, Essen, Ujerumani, walipata chuma cha kromiamu na nikeli ambacho hakinasi. Koo mbili zilizaliwa pamoja, na zote mbili ni stenlesi. Visu vizuri na mikasi mingi ya hospitali hadi leo ni vya ukoo ule wa Sheffield, kwa sababu osteniti haiwezi kukazwa kwa moto ikapata makali yanayodumu. Anayeamini sumaku angeitupa mikasi yote ya chumba cha upasuaji.

Sasa turudi kwenye sinki. Gredi 304 ni osteniti isiyotulia sana. Bati lake likivutwa na kukandamizwa kwa mashine likiwa baridi, baadhi ya osteniti hugeuka martensiti, mpangilio mwingine wa atomu, ambao unanasa sumaku. Sehemu ya chini ya sinki haikuvutwa sana. Pembe zimevutwa mno. Kromiamu ni ileile kila mahali. Ndivyo ilivyo kwa bolti zilizopigwa vichwa bila moto, kwa springi, na kwa bomba lililokunjwa kwenye kona ya ngazi. Weldi nazo zinanasa kidogo, na huo ni usanifu, kwa sababu waya wa kuchomelea wa 308L hutengenezwa makusudi uache feriti asilimia chache ndani ya weldi ili isipasuke inapopoa. Anton Schaeffler alichora mchoro wa kukadiria feriti hiyo mwaka 1949, kromiamu na wenzake upande mmoja, nikeli na wenzake upande wa pili, na wahandisi wa uchomeleaji wanautumia hadi sasa. Kwa hiyo fundi anayeambiwa weldi yake ni feki kwa sababu imenasa, huenda ndiye aliyefanya kazi kwa kufuata kitabu.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, iko upande wa pili, kwa wale ambao sumaku haikunasa wakaondoka wameridhika.

Nikeli ni ghali na bei yake haina adabu. Machi 2022, katika soko la metali la London, ilipanda kupita dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi, hadi biashara ikasimamishwa. Manganizi ni rahisi, nayo pia, pamoja na nitrojeni, inaweza kuifanya osteniti ibaki. Uhaba wa nikeli wa miaka ya 1950 ndio uliozipa nafasi gredi za mfululizo wa 200. Gredi 201 ina manganizi asilimia 5.5 hadi 7.5 na nikeli asilimia 3.5 hadi 5.5 tu, zipo na aina za chini zaidi, zenye nikeli asilimia 1 hivi na kromiamu iliyopunguzwa. Zote hazinasi sumaku. Zote zinang'aa zikiwa mpya. Mpeleke mteja mwenye sumaku mkononi, atazikubali na kulipa bei ya 304. Kisha azifunge kwenye roshani inayotazama bahari, Mombasa, Tanga au Zanzibar, na chumvi ya upepo itaonyesha madoa ya kahawia na vijitundu kabla hajazoea nyumba. Gredi hizo zina kazi zake, meza ya ndani Dodoma kwa mfano. Kosa ni kuziuza kwa jina la nyingine, na sumaku ndiyo shahidi wa uongo anayemsaidia muuzaji.

Kuna kinyume chake pia. Gredi 2205, yenye kromiamu asilimia 22, nikeli asilimia 5 na molibdenamu asilimia 3, nusu yake ni feriti na nusu osteniti. Inanasa sumaku waziwazi. Inastahimili maji ya bahari kuliko 304, na kuliko hata 316 ambayo watu huitaja kwa heshima. Nayo gredi 430, ambayo ni feriti na haina nikeli, hushika sumaku kwa nguvu na bado ni chuma kizuri kwa vifaa vya jikoni mbali na pwani. Sufuria ya jiko la induksheni isiyonasa sumaku kwenye kitako haipati moto. Ndiyo maana watengenezaji huweka tabaka linalonasa hapo chini. Nimeona watu wakizirudisha sufuria hizo dukani kwa sababu zimenasa.

Na anayedhani kutonasa ni dhamana ya usalama akumbuke Uster, Uswisi. Mei 1985 dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani ilianguka na kuua watu 12. Vyuma vilivyoishikilia vilikuwa stenlesi ya kromiamu na nikeli, ya ukoo usionasa. Klorini ya bwawa, pamoja na mzigo uliovivuta miaka yote, ilivipasua. Sumaku ingevipitisha vyote.

Sumaku ina faida moja ndogo. Bomba jipya, lililonyooka, unaloambiwa ni 304 au 316, likiidaka sumaku kwa kishindo mahali pasipo weldi wala mkunjo, basi jina hilo si lake. Huenda ni 430, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromiamu. Uliza. Likikataa sumaku, hujajua lolote.

Mnaponunua, basi. Dai cheti cha kiwandani chenye namba ya yeyusho na asilimia za mchanganyiko, ulinganishe namba hiyo na iliyochapwa kwenye bati au bomba. Kwa kazi kubwa, lipia kipimo cha bunduki ya eksirei. Husoma kromiamu, nikeli, manganizi na molibdenamu kwa sekunde chache, ingawa kaboni haiioni. Kwa kazi ndogo, zipo dawa za matone zinazobadilika rangi zikikuta manganizi nyingi au molibdenamu. Fundi anayeuza kwa uaminifu hatakataa tone moja. Karibu na bahari nunua 316, na ikichomelewa iwe 316L pamoja na waya wa 316L. Diski za grenda na brashi za waya zilizogusa chuma cha kawaida zisiguse stenlesi, maana chembe zinazobaki zitashika kutu na lawama ataibeba muuzaji. Rangi za bluu na zambarau kando ya weldi ziondolewe. Hapo utando umeharibika. Usisugue kwa stilwaya. Usimwage dawa ya klorini ya kufulia kwenye sinki ukaiacha ilale, na usiruhusu asidi ya kusafishia vigae ifunguliwe karibu na reli mpya, mvuke wake peke yake unatosha kuzitoboa. Kupaka rangi ya fedha juu ya kutu ni kuifunika tu, huko chini inaendelea kula.

Osha kwa sabuni laini na maji yasiyo na chumvi, jambo ambalo kwa visima vingi vya pwani inabidi ulihakikishe kwanza. Anza na reli zilizo chini ya paa, ambazo mvua haizifikii. Chumvi ya bahari hutua hapo na hakuna cha kuiondoa isipokuwa mkono wako.